Kadi ya mteja wa kudumu ya basi la Mbeya–Dar: uzoefu wangu, na bado nina hasira

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asome hapa aende zake: nyota moja. Ingekuwa inawezekana kutoa nusu ningetoa nusu. Jina la kampuni silitaji, wazoefu wa stendi ya Nane Nane mtaijua tu, ni wale waliotugawia kadi ngumu za mteja wa kudumu, ukisafiri unagongewa muhuri, kadi ikijaa safari inayofuata unapanda bure mpaka Dar.

Ya kwangu imejaa. Ilipojaa nikaipeleka stationari pale Mwanjelwa wakaipiga laminesheni isije ikaloa, nikaiweka nikisubiri safari yenye maana, siyo kuitumia hovyo.

Sasa juzijuzi hapa bimkubwa kaniita Dar, nikasema leo ndiyo leo. Nimefika ofisini kwao asubuhi, baridi lile la kwetu linalokutoa machozi, ndani kuna dada kajifunika kitenge mabegani, simu iko kwenye chaja, tamthilia inaendelea kwa sauti. Nikamsalimia, kimya. Nikasalimia tena, nikamwambia dada naomba siti ya dirishani ya keshokutwa alfajiri, kadi yangu hii hapa. Akaishika kwa vidole viwili, akaigeuza nyuma, akacheka. "Kaka, hizi mbona tulishaachana nazo."

Mlishaachana nazo lini? "Mfumo umebadilika, sasa hivi ni pointi kwenye programu." Sawa, mimi siyo mgomvi wa teknolojia, nikamwambia basi nihesabie hii mihuri uniwekee pointi zangu. "Haihamishiki, kila mtu anaanza na sifuri." Nikauliza hilo tangazo lilitolewa wapi, akanionesha kwa kidevu karatasi ya A4 imebandikwa nyuma ya mlango. Nyuma ya mlango jamani! Mlango ambao ukiwa wazi umeegemea ukuta, karatasi huioni, na mlango wa ofisi ya basi unafunguliwa alfajiri na kufungwa usiku, kwa hiyo wa kulisoma hilo tangazo ni popo.

Ningeweza kumeza hilo, kweli ningemeza. Ila nyuma yangu kulikuwa na kijana, mgeni kabisa, nilimsikia akimuuliza mpiga debe mlima wa Kitonga ni wapi, ameipakua programu yao pale pale kwenye foleni, akaoneshwa kwenye simu punguzo la shilingi elfu tano la mteja mpya. Na salamu yake dada aliitikia! Mimi nimewajaza mahela miaka yote hiyo naanza na sifuri, yeye hajawahi hata kukalia siti yao anapewa elfu tano. Nilipolalamika ndipo nikapewa lile neno lililonifanya niandike haya: "Kaka, makampuni yako mengi hapo nje, chagua."

Sawa, tunachagua. Hata kwenye simu tangu Machi 2017 mtu anahama mtandao na namba yake ile ile na maisha yanaendelea, sembuse basi, ambalo kulihama ni kuvuka tu dirisha moja kwenda la pili.

Na ndicho kinachonishangaza, maana hii biashara kwenye nauli hawana pa kuchezea sana. LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, ndiyo wanapanga kikomo, Desemba 2023 walipandisha daraja la kawaida kutoka shilingi 41.29 kwa kilomita mpaka 48.47, na la kati likaenda 67.84, kwa hiyo ukizunguka madirisha yote pale bei zinakaribiana. Barabara ni moja hiyo hiyo ya TANZAM, Kitonga ni ile ile, ukifika Ruaha Mbuyuni vitunguu dirishani ni vile vile. Na tangu safari za usiku ziliporuhusiwa tena 2023, baada ya katazo la miaka ya tisini, ndiyo mabasi yanagombania abiria mchana na usiku. Wanashindana kwa nini basi? Kwa soda na biskuti, chaja kwenye siti, waifai ambayo Uyole ipo na Igawa imeshakata. Na kwa namna unavyoongea na mtu dirishani, ambayo haina hata gharama.

Haya mambo ya pointi wenzetu wa ndege wameyaanza zamani, American Airlines walileta AAdvantage mwaka 1981, baada ya ile sheria ya Marekani ya 1978 iliyoanza kuitoa serikali kwenye kupanga nauli za ndege, ushindani ukawa mkali kweli. Na cha kwanza walichofanya ni kuingia kwenye kompyuta zao za buking wakawatafuta wale wanaopanda mara kwa mara, wakaanza na hao. Na hao! Wetu wameingia kwenye programu wakafuta wale wanaopanda mara kwa mara.

Ila niseme ukweli, na hapa ndipo hasira inapochanganyikana na kitu kingine. Watu wao wa barabarani ni wazuri, wazuri mno. Kuna kipindi tunarudi na bimkubwa kutoka Dar, basi likagoma karibu na Makambako usiku, na baridi ya Makambako mnaijua. Konda akaja mpaka kwenye siti, "shikamoo mama, usihangaike," akavua jaketi lake akamfunika miguu, akapotea gizani, sijui alimgongea nani usiku ule, akarudi na chupa ya chai. Dereva akapiga simu mpaka kwa kampuni nyingine, ndiyo, kwa washindani wao, wazee na wenye watoto wakahamishiwa huko bila kuongeza hata mia. Bimkubwa akashuka anamwambia konda ndaga fijo, ndaga fijo, na konda mwenyewe wala siyo Mnyakyusa. Kesho yake akapiga simu kuuliza kama mama amefika salama na gunia lake limefika.

Tangu hapo nyumbani kwetu hakuna anayetaja basi jingine. Harusi, msiba, mtoto anaenda chuo, ni hao hao. Kadi walikuja kunipa baadaye sana, nilikuwa nimeshakuwa wa kwao siku nyingi, wala sikuiomba. Wangekaa tu bila kadi yoyote ningeendelea kupanda na kulipa nauli kamili bila neno.

Kwa hiyo nikawa nimepanga kubadilisha, niweke nyota tatu, barabarani nne, ofisini sifuri. Nilikuwa nimeshaanza kuandika hivyo kabisa, ndipo ikaingia meseji yao: "Ndugu mteja, tumekumiss! Pakua programu yetu leo ujipatie punguzo la mteja mpya."

Mteja mpya. Mimi.

Narudisha nyota yangu moja. Yule konda akisoma hii ajue haimhusu, na kama kuna bosi mwenye akili pale amuweke yeye dirishani na yule dada wampandishe basi la usiku la mwezi wa saba, akae mlangoni.

Keshokutwa lazima niondoke, bimkubwa ananisubiri, nimeamua kujaribu wale wa dirisha la pembeni. Anayejua wanafungua saa ngapi asubuhi aniambie, maana namba yao iliyoandikwa kwenye basi naipiga tangu jana haipokelewi.