Bodega ya Kuba: Mgawo wa Haki, Mavuno Haba

Anayetaka kujua kama ukomunisti unaweza kumaliza umaskini na njaa, namshauri aanzie dukani kabla ya kufika kwenye nadharia. Nchini Kuba swali hilo hujibiwa kila mwezi mbele ya kaunta ya bodega, duka la serikali la mtaani linalouza chakula cha mgawo kwa daftari liitwalo libreta. Utaratibu huu ulianzishwa kwa sheria ya Machi 1962. Kila kaya imeandikishwa katika duka moja la karibu na makazi yake, na muuzaji huandika katika daftari kila kinachochukuliwa, ili asiwepo anayechukua mara mbili wala anayeachwa mikono mitupu.

Kwa upande wa usawa, huduma hii inastahili sifa ya dhati. Daktari na mfagiaji hupimiwa mchele ule ule kwa bei ile ile, na kwa miaka mingi bei hiyo ilikuwa sehemu ndogo tu ya mshahara. Mtoto aliye chini ya umri wa miaka 7 ametengewa maziwa, na mgonjwa mwenye cheti cha daktari huongezewa chakula kinacholingana na maradhi yake. Wasomaji wanaoikumbuka Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi za maduka ya RTC, kampuni za serikali za biashara za mikoa, na sukari iliyogawiwa kupitia kwa balozi wa nyumba kumi, watautambua utaratibu huu mara moja, ila Kuba imeudumisha kwa miongo sita. Kwa muda mrefu takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ziliiweka nchi hiyo miongoni mwa zile zenye njaa ndogo kabisa duniani, na mwaka 2018 vifo vya watoto wachanga vilikuwa takriban 4 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai, ingawa sifa hiyo ya pili ni ya zahanati za mitaani zaidi kuliko ya duka.

Kasoro huanza pale mteja anapotazama kilichomo kikapuni. Mchele kwa kawaida ni ratili 7 kwa mtu kwa mwezi, yaani kilo 3 na ushei, pamoja na maharagwe, sukari, mafuta kidogo na kahawa iliyochanganywa na njegere za kukaangwa. Chakula hicho hakifikishi mwezi, na kinachopungua hununuliwa katika masoko ambako bei haina huruma kwa mstaafu. Daftari lenyewe limekuwa likipungua kurasa: viazi viliondolewa mwaka 2009, sabuni ikafuata mwanzoni mwa 2011, na Septemba 2024 mkate wa kila siku ulipunguzwa kutoka gramu 80 hadi gramu 60. Mapema mwaka huo huo serikali ilikuwa imeliomba Shirika la Mpango wa Chakula Duniani msaada wa maziwa ya unga kwa ajili ya watoto wale wale ambao daftari linawaahidi maziwa.

Watetezi wa mfumo huu hutaja vikwazo vya Marekani, na wana haki ya kuvitaja. Hata kuku wa kugandishwa wanaonunuliwa Marekani tangu sheria ilipolegezwa mwaka 2000 hulipiwa fedha taslimu kabla ya kusafirishwa, masharti ambayo ni mazito kwa nchi isiyo na akiba ya dola. Hata hivyo vikwazo havielezi kwa nini kisiwa chenye mvua na ardhi nzuri kinaagiza nje sehemu kubwa mno ya chakula chake huku mashamba yakimezwa na miiba ya marabú. Sababu iko nyuma ya kaunta, shambani. Mkulima alilazimika kuliuzia shirika la serikali la ununuzi, Acopio, sehemu kubwa ya mazao yake kwa bei iliyopangwa ofisini; malipo yakachelewa, malori yakachelewa, na mazao yakaozea shambani. Wakati Umoja wa Kisovieti ukinunua sukari kwa bei nono na kuleta mafuta kwa bei nafuu, pengo hilo halikuonekana. Msaada ulipokatika, uchumi ulisinyaa kwa takriban theluthi moja kufikia 1993, na zaidi ya watu 50,000 walipatwa na ugonjwa wa neva uliodhoofisha macho na miguu, ambao wataalamu waliuhusisha na lishe duni. Bodega zilikuwa wazi siku zote hizo, na mgawo uliendelea kuwa sawa kwa wote.

Vietnam nayo inatawaliwa na chama cha kikomunisti. Mwaka 1988 iliziachia kaya mashamba kwa mikataba ya muda mrefu, na mwaka uliofuata ikauza nje zaidi ya tani milioni 1 za mchele. Kwa miaka mingi sasa, sehemu ya mchele unaopimwa katika bodega za Kuba imetoka huko huko Vietnam.

Kwa hiyo nisingependa kuona bodega zikifungwa, kwani mtoto, mgonjwa na mzee asiye na jamaa ng'ambo wa kumtumia dola hawana pengine pa kukimbilia. Ningependa libakie duka la watu hao, lenye mgawo kamili usiochelewa, na mkulima alipwe kwa wakati, kwa bei aliyoikubali mwenyewe, akiwa huru kumuuzia amtakaye.