Kutoka Diani hadi Watamu na watoto: simameni Gede

Siku ya kuhama hoteli moja ya pwani kwenda nyingine ina tatizo lake. Wa kwanza wanataka chumba chao asubuhi, wa pili hawakupi ufunguo kabla ya saa nane mchana, na garini una watoto wawili, mama mkwe na mabegi. Wengi huzimaliza saa hizo barabarani au wakisubiri mapokezi. Sisi tulizipeleka Magofu ya Gede, mabaki ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Watamu, pwani ya Kenya, na nayapa nyota tano bila kusita.

Barabara kwanza, kwa ufupi. Tulivuka Likoni kwa feri kuingia Mombasa, kwa sababu watoto walitaka feri. Asiyetaka maji apitie barabara ya Dongo Kundu, ila atatokea upande wa Miritini na bado ana mji wa kuukata. Ondokeni Diani saa moja asubuhi, maana foleni ya Mtwapa haitabiriki. Ukishapita mkonge wa Vipingo mambo yanakuwa mepesi. Daraja la Kilifi, lililofunguliwa 1991, mama mkwe alilivuka akitusimulia enzi za kungoja kivuko pale chini. Hapo ndipo pa kununua korosho. Omba uonje kabla ya kulipa. Iliyokaangwa karibuni inavunjika kwa mlio, iliyolala inatafunika kama mpira.

Sasa Gede. Chukueni mwongozaji, hata kama mmezoea kuzunguka wenyewe. Bila yeye mtaona kuta za matumbawe na mizizi iliyozikumbatia, mpige picha, muondoke. Wetu alikuwa kijana mpole, na alijua kuzungumza na watoto. Alianza kwa kuwauliza: mji mzima, wenye misikiti na jumba la mfalme, ungehama kwa sababu gani? Kisha akawapeleka kwenye kisima karibu na Msikiti Mkuu, akaeleza kwamba kilibidi kichimbwe tena kwenda chini zaidi. Maji kurudi chini ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za watu kuuacha mji katika karne ya 17. Mwanangu wa miaka tisa alikaa ukingoni akitazama lile shimo kwa muda mrefu, halafu akauliza, "Kwa hiyo walikuwa na kila kitu, wakakosa maji?" Mwongozaji akamwambia ndiyo, na kuna sababu nyingine pia, akamtajia vita na uhamaji wa watu. Hakumdanganya kwa jibu moja rahisi, na hilo nililipenda sana.

Nyumba nyingine zimepewa majina kwa vitu vilivyofukuliwa ndani yake: ya Mkasi, ya Kauri, ya Taa ya Chuma. Watoto waligawana nyumba pale pale. Binti yangu alivutiwa zaidi na vyoo, mashimo yaliyojengwa vizuri ndani ya nyumba na mahali pa kunawia pembeni, akataka aonyeshwe cha kila nyumba. Mama mkwe yeye alisimama kwenye lile kaburi lenye tarehe, 802 Hijria, yaani 1399. Akawaombea dua waliolala hapo, nasi tukamsubiri. Sisi watu wa pwani tunapaswa kuwaleta watoto wetu hapa mapema, kabla hawajafundishwa kwamba miji ya mawe ilikuwa ya watu wengine. UNESCO waliiingiza Gede kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na ninafurahi, lakini ningependa zaidi kuona maegesho yamejaa magari ya familia za Kisauni na Kaloleni.

Njia ni tambarare na kivuli kipo, hata mwenye magoti mabovu anaweza kuzunguka polepole. Mama mkwe alitembea na mkongojo wake bila shida. Pakeni dawa ya mbu, ule ni msitu. Na ndizi ziacheni garini, kwa sababu kima wa pale wana macho makali na mikono myepesi.

Ndani ya eneo hilo hilo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi hadi vijifunge ndani ya maganda yao, kisha huviuza kwa mabustani ya vipepeo nchi za nje. Mkiwa na muda, ingieni. Mkiwa wachovu, bora mwende mkale.

Chakula tulikula Crab Shack ya Dabaso, juu ya mikoko ya Mida Creek, si mbali na hapo. Inaendeshwa na wanakijiji wenyewe. Sambusa za kaa zilikuja moto, ngozi kavu, nyama ya kaa imejaa mpaka pembeni, na ndimu ya kukamulia. Watoto walizimaliza, tukaagiza tena. Ile njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko inatikisika kidogo, mkamateni mtoto mdogo mkono. Ulizeni pia maji yanapwa saa ngapi: yakipwa, tope lote linajaa kaa wadogo wenye gando moja kubwa, wakilipunga juu. Yakijaa hamtawaona, ila ndipo mitumbwi inapopita.