Miche ya stroberi ya viriba mjini Unguja: nunua mche, mwaga udongo

Miche ya stroberi inayouzwa mjini kwenye viriba vyeusi, yenye majani manne au matano na ua moja la kumvuta mnunuzi, si mibaya. Mche tunaupa nne kwa tano. Udongo wake, sifuri. Samadi nyingi huchanganywa na mchanga mweupe wa pwani, nao ni matumbawe na kombe zilizosagika: chokaa tupu. Stroberi hutaka udongo wenye uchachu kidogo, pH 5.5 hadi 6.5. Kwenye chokaa mizizi haipati madini ya chuma, basi majani machanga huwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, na mwenyewe hudhani mche una njaa akazidi kuumwagia mbolea.

Kabla hujalipa, kamulia ndimu mchanga kidogo wa kiriba. Ukitoa povu, omba upunguziwe. Tazama pia kichwa cha mche, pale majani yanapochipukia: kinatakiwa kilingane na udongo. Kikifukiwa kitaoza masika ya kwanza, kikinyanyuka mno mizizi itakauka.

Nyumbani loweka kiriba, ondoa udongo taratibu, uhamishie mche jioni kwenye kopo la lita 5 lililotobolewa chini. Tia makumbi yaliyochambuliwa mafungu mawili, kinongo (udongo mwekundu wa hapa Unguja) fungu moja, samadi iliyooza fungu moja. Hapa kwenye makumbi ndipo wengi wanapoharibu. Yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi, na stroberi haiwezi chumvi. Kingo za majani huungua kama zilizopitiwa na moto. Yaloweke usiku kucha kwa maji matamu, mwaga, rudia hadi maji yatoke rangi ya chai nyepesi. Kisima cha maji ya munyu kisahau.

Kata maua ya mwezi wa kwanza, hata lile la dukani. Mche upate jua hadi saa tano, kisha kivuli. Baridi ya Lushoto hatuna, kwa hiyo mategemeo ni kipupwe. Kaskazi ikivuma mche huishi tu, nao utitiri hujaa chini ya majani, wa kuoshwa kwa maji kila asubuhi.

Wavu ufungwe tunda likiwa bado jeupe. Kunguru wetu, walioletwa karne ya 19 wasafishe taka, hawasubiri liive.