TAHADHARI: Begi "la marubani" lenye betri iliyofichwa nyuma ya bitana

Ndugu zangu marubani na wahudumu wa ndege, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji mtandaoni anayeuza mabegi ya magurudumu akiyaita "begi la marubani". Nimenunua kwake nikaumia, na wenzangu wawili kazini nao yamewakuta. Jina silitaji kwa sababu halidumu. Tangu nimjue, ukurasa wake umeshabadilishwa jina mara mbili. Picha na maneno ndiyo hayabadiliki, na kwa hayo mtamtambua.

Tangazo linaonyesha begi jeusi la sentimita 55 kwa 40 kwa 23. Fremu ya alumini, magurudumu ya kubadilisha, tundu la USB la kuchajia, betri ya mAh 50,000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri hubeba) "inayochomoka kwa sekunde moja", na muhuri wa dhahabu unaosema begi limeidhinishwa kwa marubani. Ukituma picha ya kitambulisho cha kazi, unauziwa nusu bei.

Nasema kweli, kilichonivuta ni lile tundu la kuchajia. Zamani rubani alikokota mkoba wa ramani na vitabu vya taratibu. American Airlines walipomaliza kuhamia kwenye tableti mwaka 2013, mkoba walioutoa kokpiti ulikuwa na uzito wa kama kilo 16. Leo vyote hivyo viko kwenye tableti, na ikizimika kwa kukosa chaji ni balaa, kwa hiyo kila mmoja wetu anahangaika na chaji. Huyu mtu analijua hilo. Anajua pia kwamba neno "rubani" likibandikwa kwenye begi linaaminiwa. Begi la kusimama wima, la magurudumu mawili na mpini wa kuvuta, lilibuniwa mwaka 1987 na rubani, Robert Plath wa Northwest Airlines, na wateja wake wa mwanzo walikuwa wafanyakazi wenzake wa ndege. Abiria waliliona likipita uwanjani ndipo wakalitaka. Sifa hiyo imejengwa na watu wanaoishi safarini, na huyu tapeli anaila.

Safari ya tatu ndipo nilipojua nimebeba nini. Tulikuwa ukaguzini alfajiri, begi likapita kwenye eksirei, mkanda ukasimama. Ofisa akaniita pembeni kwa adabu: "Kapteni, betri ya hili begi iko wapi?" Nikamfungulia kile kifuniko kilicho chini ya mpini ambacho tangazo linasema ndimo betri inamochomolewa. Mle hamna kitu ila waya wa USB ulioingia kwenye tundu dogo na kupotelea nyuma ya bitana. Tukaitafuta zipu ya bitana. Ipo, lakini imeshonewa juu kwa uzi mweusi ili isifunguke. Nikaufumua uzi kwa ncha ya ufunguo.

Nyuma yake kulikuwa na fungu la betri lililoviringwa kwa plastiki ya bluu na kugandishwa kwenye fremu kwa gundi ya povu. Halina lebo. Hakuna volti, hakuna alama ya Wh (wati-saa), hakuna hata jina la mtengenezaji. Na ncha ya riveti ya mpini ilikuwa imelikandamiza mpaka ile plastiki ikabonyea. Kila nilipouvuta mpini kwa nguvu, ncha ile ilikuwa inasaga pale pale.

Kwa asiye rubani anayesoma hapa, nieleze kwa nini mwili uliniisha nguvu. Betri hupimwa kwa wati-saa: unazidisha mAh kwa volti, kisha unagawanya kwa 1,000. Hadi wati-saa 100 inaruhusiwa kubebwa mkononi. Kati ya 100 na 160 shirika la ndege lazima likubali kwanza. Ikizidi 160, abiria haruhusiwi kupanda nayo, na sisi pia. Sasa chukueni hiyo mAh 50,000 ya kwenye tangazo mkaizidishe kwa volti 3.7 ya seli za kawaida: ni wati-saa 185. Maana yake, kama tangazo ni la kweli, betri imepigwa marufuku. Kama ni la uongo, ni betri isiyojulikana ukubwa, nayo haipiti. Tena tangu Januari 2018 mashirika makubwa ya Marekani yalianza kukataa mabegi ambayo betri yake haichomoki, na mengine mengi yakafuata.

Sharti la kuchomoka lina sababu. Nafasi ikijaa juu, begi la mkononi hushushwa likaenda kwenye shehena. Betri ikiwaka ndani ya kabini, wahudumu wanaiona na wana maji ya kuipoza. Ikiwaka chini kwenye shehena, hakuna wa kuifikia. Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliwaka moto baada ya kuruka kutoka Dubai, ikiwa na shehena ya betri za lithiamu. Marubani wake wote wawili walikufa. Ajali hiyo tunafundishwa darasani, halafu mtu anatushonea betri isiyo na lebo nyuma ya mashati yetu ya sare.

Begi nililiacha pale pale. Mashati, viatu na vifaa vya kuogea vikaingia kwenye mfuko wa nailoni wa dobi, rubani msaidizi akanishikia koti. Kilichoniokoa ni mazoea ya kufungasha: sichanganyi mzigo wa kazi na mzigo wa kulala. Leseni, cheti cha afya, pasipoti, headseti, tableti, tochi, koti la kuakisi mwanga na miwani ya akiba hukaa kwenye mkoba mdogo ambao hauniachi. Hiyo miwani ya akiba, kwa sisi tunaorusha ndege tukiwa tumevaa miwani, ni sharti la leseni, hivyo si kitu cha kutupia kwenye begi la nguo. Nawaomba sana vijana mnaoanza kazi mfungashe hivyo. Begi la nguo likizuiliwa, likipotea au likivunjika, ndege bado inaruka.

Kuhusu magurudumu, yale ya mwenzangu mmoja yalimtoka wiki ya pili. Begi la kazi la kweli lina magurudumu kama ya viatu vya kuteleza, yenye beringi, yaliyofungwa kwa bolti. Gurudumu likichakaa unafungua kwa ufunguo, unaweka jipya, maisha yanaendelea. Haya ya tapeli ni plastiki tupu iliyopigwa pini ya riveti, haifunguki mpaka uikate. Ndiyo maana katika picha zake zote hamtaona begi limelazwa kifudifudi. Ombeni picha ya chini ya begi, pale gurudumu linapoingia kwenye fremu. Mimi niliomba baadaye kwa akaunti ya ndugu yangu, akatumiwa video ya begi linazunguka kwenye meza. Akaomba tena, akaambiwa "mzigo unaisha, lipia kwanza".

Kipimo nacho ni cha uongo. Zile sentimita 55 ni za boksi tu. Nilipopima kuanzia sakafuni, na magurudumu yake, lilifika 59, wakati mashirika yanahesabu magurudumu na mpini. Na ule muhuri wa dhahabu usiwababaishe: kipimo cha begi kinapangwa na kila shirika kwa ndege zake, kwa hiyo kinachotazamwa ni mwongozo wa mwajiri wako.

Nilipomwandikia muuzaji, alijibu mara tatu. Mara ya kwanza kwa upole mwingi, "pole sana kapteni". Mara ya pili akasema nimeharibu garantii kwa kufumua bitana. Mara ya tatu akataka picha ya leseni na ukurasa wa pasipoti "ili idara ya fedha irudishe malipo". Nilipokataa akaniblok.

Hapo ndipo panaponiuma kuliko hela. Kitambulisho changu cha kazi alikuwa nacho tayari, mbele na nyuma, nilikituma mwenyewe kwa ajili ya punguzo. Kadi ile inafungua milango ambayo abiria hapiti. Niliripoti kwa kitengo cha usalama kazini siku ileile, kadi ikafutwa nikapewa nyingine. Kama na wewe ulituma, usione aibu na usisubiri uone kama kitatokea kitu. Nenda leo. Duka linalotoa punguzo la kweli kwa wafanyakazi wa ndege linaweza kukuhakiki kwa barua pepe ya kazini, halihitaji picha ya kadi.

Kama tayari unalo begi hili, usilichaji tena. Papasa upande wa mpini kwa ndani. Ukigusa kitu kigumu cha ukubwa wa tofali dogo nyuma ya bitana, ndiyo yenyewe. Usipande nalo ndege na usilitupe kwenye takataka za nyumbani. Lipeleke wanakopokea betri chakavu.

Alama ya kumtambua akija na jina jipya: kwenye tangazo kuna kijana wa mistari minne begani, yaani alama ya kapteni, anayesifu kwamba huchomeka simu, hufunga begi, kisha "hulituma kwenye shehena likiendelea kuchaji". Mkiiona sentensi hiyo, ripotini ukurasa na muwatumie wenzenu picha ya skrini.