Kompyuta ya mezani: uunde au ununue? Anza na pawasaplai

Lalamiko la wanunuzi wa kompyuta za mezani ni lile lile kila mara. Mashine inawaka vizuri dukani, inafika nyumbani, wiki za mwanzo mambo safi, halafu gemu ikikolea inajizima ghafla kama umeme umekatika. Fundi anabadilisha ram, anapiga Windows upya, anachukua hela yake, na ugonjwa uko pale pale. Umejificha kwenye kiboksi cha bati kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ambacho hakuna tangazo linalokitaja: pawasaplai.

Ndiyo maana hapa sibishani kuhusu prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Kwa ofisi, chuo na uhasibu, yoyote yenye kori 6 inatosha. Ila usishuke chini ya Intel ya kizazi cha 8, maana Windows 11 haizikubali rasmi karibu zote za nyuma ya hapo, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa soma lebo ya pawasaplai. Ile namba kubwa iliyochorwa kwa mbwembwe iache. Tafuta safu ya +12V, chukua ampea zake, zidisha kwa 12. Boksi linajiita 500W, lakini +12V imeandikwa 16A: hizo ni wati 192. Prosesa na kadi ya grafiki (ile ya kuchora picha za gemu na video) vinakula kwenye hiyo 12V, kwa hiyo hizo 192 ndizo ulizonunua. Zilizobaki zimejazwa kwenye 3.3V na 5V, ambako kompyuta ya leo haili sana. Kisha linyanyue. Likiwa jepesi mkononi na waya zake nyembamba, chungulia kwenye matundu: utaona nafasi tupu kwenye bodi, mahali ambapo vichujio vya umeme vilipaswa kukaa. Kwa umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo, kitu hicho kikifa kinaweza kuondoka na mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa na ram.

Kwa kipimo hicho, mpangilio wangu ni huu.

Namba 1: Dell OptiPlex iliyotumika, kasha refu, 5060 au 7060 yenye i5-8500, prosesa ya kizazi cha 8. Naipendelea Dell na sifichi. Nyuma ya OptiPlex nyingi, karibu na tundu la waya wa umeme, kuna kitufe kidogo cha kujipima. Chomeka waya, kibonyeze. Taa ya kijani ikiwaka, pawasaplai inatoa umeme, na umejua hilo bila kufungua kasha wala kuita fundi. Baada ya hapo washa, gonga F12, chagua Diagnostics, uache ipime ram na diski mbele ya muuzaji. Ingia pia kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla ya Windows: ikidai nywila, iache hapo hapo. Namba ya Service Tag iliyobandikwa kwenye kasha ukiiingiza kwenye tovuti ya Dell inakuonyesha mashine ilitoka kiwandani na vifaa gani.

Pawasaplai yake ya 260W inaonekana ndogo, lakini piga hesabu: prosesa 65W, kadi ya GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada 75W, vingine vyote kama 40W. Haifiki 200. Ubaya wake ni plagi. Pawasaplai ya kawaida huingia kwenye mazabodi kwa pini 24. Dell wana plagi yao, kwa hiyo ya mtaani haiingii. Ikiungua, tafuta nyingine kwa namba ya DP/N iliyo kwenye lebo. Ukifika nayo nyumbani, badilisha pesti ya kupozea prosesa, toa diski ya kuzunguka uweke SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi, na ram ziwe mbili zinazofanana.

Namba 2: unda mwenyewe, iwapo unahariri video au unacheza gemu nzito. Pawasaplai ndiyo inunuliwe kwanza, isiwe ile pesa iliyobaki mwishoni. Corsair au Seasonic ya 550W inatosha kadi nyingi za kati. Bila kadi ya grafiki, Ryzen 5 5600G, prosesa ya AMD yenye grafiki ndani yake, kwenye mazabodi ya B550 yenye ram mbili za 8GB ni mwanzo mzuri. Ila bei za ram zilipaa kuanzia mwishoni mwa 2025, na hilo peke yake limeipandisha mashine iliyotumika juu ya orodha hii.

Kabla ya kuingiza chochote kwenye kasha, washa mazabodi ikiwa juu ya boksi lake la karatasi. Ram mbili zikae tundu la 2 na la 4 kutoka kwa prosesa. Isipowaka, angalia waya wa prosesa, ule wa pini 8 kwenye kona ya juu. Ndio unaosahaulika zaidi. Ikiwaka nje ikagoma ndani ya kasha, kagua vile vishikizo vya shaba vinavyobeba mazabodi: kimoja kilichofungwa pasipo na tundu kinapiga shoti. Na UPS, lile boksi la betri la kukushikilia umeme ukikatika, ikiwa ya 650VA usiihesabu kuwa wati 650. Nyingi hutoa kama nusu.

Namba 3: vikasha vidogo vya SFF. Vizuri kwa kaunta ya duka, ila kadi ya grafiki lazima iwe ya kimo kifupi (low profile).

Za bei ya chini kabisa, zile i5 za kizazi cha 3, ni za kuchapia barua tu.

Mkiani nimeziweka zile "gaming PC" za kuundiwa dukani, kioo ubavuni na taa za rangi saba. Feni sita zinawaka, prosesa imetajwa, kadi imetajwa, pawasaplai kimya. Bei nayo ni "njoo inboksi", kana kwamba ni mahari. Kwa nini mtu aandike "Core i5, ram 8" bila kizazi, bila bei, halafu akasirike ukiuliza? Mwombe picha moja tu: lebo ya pawasaplai, safu ya +12V isomeke. Akikujibu "hiyo original boss", mwachie na taa zake.