Kilia iliyobabuka kwenye IST yangu: kazi ya gereji moja ya Unga Limited

Wenye magari ya Kijapani ya miaka ya 2000 hapa Arusha wanaijua hali hii: doa jeupe linatokea kwenye boneti, linapanuka, halafu kilia, lile tabaka angavu linalopulizwa juu ya rangi, inanyanyuka magamba ambayo ukiosha gari kwa presha yanaondoka na maji. Toyota IST yangu ya 2005, rangi ya silva, ilikuwa imefika huko, boneti na paa. Milango ni mizima. Kinachoila kilia ni jua la utosini, na mji wetu uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, jua lake ni kali hata siku za baridi.

Fundi wa kwanza alitaka kupiga kilia mpya juu ya ile ile. Mwingine akanishauri polishi. Polishi inafaa kwa rangi iliyofifia. Kilia ikishaachia, hakuna cha kung'arisha.

Huyu wa Unga Limited, hapa hapa Arusha, alibandika gundi ya karatasi, ile ya utepe, pembeni ya doa, akaibandua kwa nguvu. Ikatoka na kipande cha kilia ambacho kwa macho ningeapa ni kizima. "Umeona, dada? Hapa napo hapajashika. Nikipuliza juu yake, mvua za masika haziishi utakuwa umerudi." Nikamwachia funguo.

Kazi karibu yote ilikuwa msasa. Alianza na namba 320 mpaka ukingo ukapotea, ukipitisha kiganja husikii ngazi, kisha 800 wa maji. Palipofika bati akapiga praima, rangi ya msingi. Rangi hakukisia: alisoma namba kwenye kibati cha chini ya boneti, 1C0, ndiyo ikachanganywa dukani. Kilia aliyotumia ni ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuifanya ikauke iwe ngumu, siyo ya kopo la kupuliza. Alipuliza asubuhi, sakafu imemwagiwa maji vumbi lisipande, na amevaa barakoa yenye vichujio. Hilo lilinifurahisha kuliko mng'ao wenyewe. Hadina ina kemikali ya aisosaneti, inaharibu mapafu, na inaniuma kuona vijana wetu wanapuliza wakiwa wamejifunga kitambaa tu.

Kasoro ipo. Jioni, jua likiwa limelala, boneti inaonekana imepishana kidogo na fenda. Silva ina chembe za metali, na namna zinavyolala zikipulizwa hubadilisha rangi machoni. Alikuwa amependekeza aivutie rangi kidogo hadi kwenye fenda zote mbili, kwa nyongeza ya bei. Kama mfuko unaruhusu, kubali. Chembe za vumbi zilizonasa kwenye paa alizisugua kwa msasa wa 2000 na kompaundi, hakuniongezea hela.

Nimelipa laki tatu na nusu, vifaa vikiwa vyake. Masika imepita na hakuna ukingo ulionyanyuka. Buti nayo imeanza doa karibu na spoila. Nitampelekea yeye kabla halijakua.