Jumamosi nne za sintaksia mjini Kisumu

Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka sita, na miaka yote hiyo nilichora matawi ubaoni bila kujua yana kazi gani. S (sentensi) juu, KN (kundi nomino) kushoto, KT (kundi tenzi) kulia, kisha mistari inashuka hadi kwenye neno. Mwanafunzi akiuliza tunachora kwa nini, namjibu kwamba ni alama za Karatasi ya Pili ya mtihani wa KCSE. Jibu hilo lilikuwa likinikera hata mimi. Ndiyo maana nililipa shilingi 2,000 za masomo ya Jumamosi nne ya sintaksia, yaani jinsi maneno yanavyopangwa kuwa sentensi, yanayotolewa na mhadhiri mmoja mstaafu, kwenye chumba cha ghorofani karibu na Barabara ya Oginga Odinga.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya kawaida: mwanaisimu Noam Chomsky na kitabu chake cha 1957, umilisi (ujuzi wa lugha ulio kichwani) na utendi (jinsi tunavyoutumia), kanuni chache zinazozalisha sentensi zisizo na kikomo. Hayo nilishayasoma chuoni.

Ya pili ndiyo iliyorudisha pesa yangu. Mzee aliandika maneno manne: *Kuku wa jirani aliyepotea*. Akauliza, nani kapotea? Nusu ya darasa tukasema kuku, nusu wakasema jirani, na kelele ikapanda. Akafuta "kuku wa", akaandika "baiskeli ya". *Baiskeli ya jirani aliyepotea*. Ubishi ukaisha papo hapo, maana aliyepotea ni jirani. Akaandika *iliyopotea*, sasa ikawa baiskeli.

Ndipo akachora miti miwili ya kuku. Katika mti wa kwanza, "aliyepotea" limeshikana na "jirani" ndani ya kirai kidogo (kundi la maneno linalokaa pamoja), na kirai hicho chote kiko chini ya "kuku". Katika wa pili limepanda tawi moja, likaeleza "kuku wa jirani" kwa jumla. Maneno ni yaleyale na yamefuatana vilevile, lakini miti ni miwili na maana ni mbili. Kwa baiskeli, upatanisho wa ngeli unakuonyesha tawi. Kuku na jirani wote ni A-WA, kwa hiyo kiambishi hakikusaidii, lazima uangalie mti. Miaka sita nilikuwa nikisahihisha michoro hiyo kwa kalamu nyekundu!

Pia alitufundisha kupima kirai kwa kukihamisha. *Wanafunzi wanasoma kitabu kipya* inakuwa *Kitabu kipya, wanafunzi wanakisoma*, na tazama -ki- inavyojitokeza kwenye kitenzi. Ukijaribu kuhamisha "wanasoma kitabu" na kuliacha "kipya" nyuma, sikio linakataa.

Kasoro zipo. Nakala za fotokopi zilikuwa hafifu, baadhi ya matawi hayaonekani kabisa. X-baa, nadharia ya jinsi virai vinavyojengwa, ilipitishwa mbio Jumamosi ya mwisho, na kijana mmoja aliyekaa nyuma, mtahiniwa wa kujitegemea, aliondoka amechanganyikiwa. Kauli ya kutendea (*Otieno alimpigia Akinyi mpira*) haikuguswa, ilhali hapo ndipo wanafunzi wetu wanapoangukia kila mwaka. Na chumba ni joto mno ikifika saa sita, kaa karibu na dirisha.

Kwa mwalimu wa sekondari nayapendekeza bila kusita. Mtahiniwa anayetaka tu kukariri majibu asiende, atachoka bure.

Jumatatu niliingia kidato cha tatu na kuku wangu. Walibishana hadi kengele ya chakula. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima hakuwahi kuinua mkono, akasema, "Mwalimu, tukisema *kuku wa majirani aliyepotea*, si basi ni kuku peke yake?" Nikamuuliza, na tukisema *waliopotea*? Akafikiri kidogo, akaja mbele, akachukua chaki na kuanza kuchora mti wa kwanza, halafu wa pili.